Takaungu, 1895: Aliyekuja Kuamua Akabaki

Matsangoni iko katikati. Ukipanda matatu ya kushuka kusini unafika Kilifi, unavuka daraja, na baada ya mwendo mfupi unakuta njia inayokata kuelekea baharini, inayokwenda Takaungu. Ukipanda ya kwenda kaskazini unapita Gede na kuingia Malindi. Sisi wa hapa katikati tunaijua miji hii miwili kwa mambo ya kawaida tu: harusi, samaki, msiba, kumpeleka mgonjwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo miji hii inafanana, na ni nadra kulisikia likitajwa hata na wazee. Kila mmoja, kwa wakati wake, ulimwona mgeni mwenye mizinga akiingia katika ugomvi wa ndugu au wa majirani. Na kila mmoja ulilipa bei ambayo hakuna aliyeitaja siku mgeni alipofika.

Nayaleta haya kwa sababu ya mabishano ambayo wewe pia umeyaona mtandaoni. Sudan ikiwaka, kambi moja inauliza dunia imelala wapi. Kongo, vivyo hivyo. Kambi ya pili inajibu kwamba mambo ya nyumba waachiwe wenye nyumba. Halafu matusi yanaanza, na kesho yake watu wanahamia mada nyingine.

Nilisomea historia chuo kikuu miaka miwili kabla ya karo kunishinda. Tangu hapo najisomea mwenyewe, bila mtihani, nikiandika hapa na pale kujikimu. Na kadiri ninavyosoma habari za huku kwetu, ndivyo ninavyoona kwamba hilo swali la "waingilie au wasiingilie?" lina kasoro. Linamchora mgeni kama mtu aliyesimama nje ya ua, anasubiri kuitwa. Mara nyingi, wakati sisi tunabishana, mgeni tayari yuko sebuleni na kiatu chake. La kuuliza ni anafanya nini humo, kwa ruhusa ya nani, na ataondoka lini.

Hebu tuanze na Takaungu.

Ndugu wawili, kiti kimoja

Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa karibu miaka mia moja, mpaka 1837, Seyyid Said alipoupata mji huo. Hakuupata kwa nguvu ya mizinga peke yake. Alisaidiwa na mgawanyiko uliokuwemo ndani ya Mombasa, Wamazrui wenyewe kwa wenyewe na wao na baadhi ya taifa za mji. Viongozi wao wakakamatwa na kupelekwa mbali. Waliobaki wakagawanyika: tawi moja likaenda kusini, Gazi, jingine likaja kaskazini, Takaungu.

Takaungu ikakua. Ilipeleka nafaka nje, iliuziana na kufanya urafiki na Wagiriama wa bara, na tusifiche, utajiri wake mwingi ulitoka kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Sisemi hivi ili tulie kwamba pepo ilipotea. Haikuwa pepo. Ilikuwa dola ndogo yenye wenyewe, yenye dhuluma zake na yenye njia zake za kuamua nani atawale.

Mwanzoni mwa 1895 liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, akafariki. Wakajitokeza warithi wawili. Mmoja ni mwanawe, Rashid bin Salim. Wa pili ni Mbaruk bin Rashid, mtoto wa Rashid bin Khamis, aliyetawala kabla ya Salim. Mbaruk alikuwa mkubwa kwa umri, na kwa desturi ya ukoo ule hoja ya ukubwa ilikuwa na uzito. Rashid naye alikuwa na watu wake. Ugomvi wa namna hii haukuwa mgeni kwa Wamazrui. Ungeweza kwisha kwa kikao kirefu, kwa fedha, kwa ndoa, kwa mmoja kwenda kujenga mji wake kwingine, au kwa mapigano ya wiki mbili na kisha suluhu. Hatujui ungekwishaje, kwa sababu haukuachwa uishe.

Wakati huo pwani yetu ilikuwa mikononi mwa kampuni. Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme London mwaka 1888, ilikuwa imekodi ukanda wa maili kumi kutoka kwa sultani wa Zanzibar. Kufikia 1895 kampuni hiyo ilikuwa imefilisika na inangoja serikali ya Uingereza ije ichukue mzigo. Hata hivyo iliamua ni nani liwali wa Takaungu. Ikamchagua Rashid. Sababu yake si fumbo: Rashid alionekana ni rafiki, Mbaruk alionekana ni mkaidi.

Fikiria hilo kidogo. Kampuni iliyoshindwa kulipa madeni yake, iliyokuwa inafunga virago, ilitumia miezi yake ya mwisho kuchagua mrithi katika ukoo ambao haikuwa na undugu nao. Haikuuliza ukoo. Iliangalia ni nani atakayekuwa rahisi kwake.

Mbaruk akatoka mjini na watu wake wenye silaha, akajiweka Konjora. Balozi mkuu wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, Arthur Hardinge, akaja mwenyewe. Juni 1895 wanamaji wa Kiingereza wakaishambulia Konjora na kuitwaa. Mbaruk akakimbilia Gazi kwa jamaa yake, ambaye, ili kukuchanganya kabisa, naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Huyu wa Gazi alikuwa mzee, mtoto wa liwali wa mwisho wa Kimazrui wa Mombasa, na alikuwa ameshapigana na masultani wa Zanzibar mara kadhaa maishani mwake. Mwanzoni alisitasita. Akatakiwa amtoe mgeni wake. Sasa wewe niambie: mzee wa pwani, jamaa yake amekuja mlangoni kuomba hifadhi, amtoe kwa nani? Akaingia vitani.

Na hapo ndipo ugomvi wa kiti kimoja katika mji mmoja ulipogeuka vita vya pwani nzima. Tarehe 1 Julai 1895, vita vikiwa vimeshawaka, Kampuni ikakabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza pale Mombasa. Agosti 17, Admirali Harry Rawson akaitwaa ngome ya Mwele, upande wa Shimba. Wapiganaji wakatawanyika, wakaingia vitani vya kuvizia. Aziz bin Rashid, ndugu yake Mbaruk wa Takaungu, alipigana upande huu wetu wa kaskazini, na baadhi ya Wagiriama walimsaidia. Mashamba yalichomwa, watu walihama vijiji. Mwishowe Waingereza walilazimika kuleta kikosi kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk mzee na wafuasi wake wakavuka mpaka, wakajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, hakurudi tena Gazi.

Rashid alishinda. Lakini uliwali alioshinda haukuwa tena ule uliogombewa. Liwali sasa alikuwa mtumishi wa serikali ya himaya, analipwa mshahara, anaagizwa. Ndugu mmoja alipoteza mji, mwingine akapata mji uliokwisha kuchukuliwa. Wahenga walishasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa kunguru hata hakusubiri panzi wachoke.

Bei iliyokuja baadaye

Miezi minne tu baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, mchezo ule ule ukachezwa Zanzibar. Sultan Hamad bin Thuwaini akafariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia ikulu na kujitangaza sultani. Waingereza walimtaka Hamud bin Mohammed. Tarehe 27 asubuhi manowari zikapiga ikulu kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakafa au kujeruhiwa. Aliyeongoza manowari hizo ni Rawson yule yule wa Mwele. Khalid naye akaishia Dar es Salaam, kwa Wajerumani. Ndani ya miezi kumi na minane, warithi wawili waliokataliwa na mgeni wakawa wakimbizi, wote ng'ambo moja.

Sasa kuna atakayesema: hizo ni habari za masultani na maliwali, zinanihusu nini mimi? Zinakuhusu kama umezaliwa pwani hii na hujui kwa nini jirani yako hana hatimiliki. Vita vya 1895 na 1896 ndivyo vilivyovunja nguvu ya mwisho ya wenyeji iliyoweza kubishana na serikali mpya katika mwambao. Baada ya hapo serikali iliandika sheria bila kuogopa mtu. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani, iliyompa nafasi ya kusajili shamba yule aliyeweza kuonyesha kwamba ni mali yake binafsi. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, wengi wakabaki nje. Kutoka hapo tukapata neno ambalo mtoto wa Kilifi analijua kabla hajajua kusoma: skwota. Sisemi uamuzi wa Kampuni kuhusu Takaungu ndio uliomfanya bibi yako skwota. Nasema uamuzi ule ulifungua mlango, na walioingia kupitia mlango huo ndio walioandika sheria.

Malindi ilikuwa imeshaonja

Ukienda kaskazini hadithi ni ya zamani zaidi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokataliwa Mombasa, mfalme wa Malindi alimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Tukiwa shule tulifundishwa hili kama habari ya ukarimu. Ukarimu ulikuwepo, lakini kulikuwa na hesabu pia. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na Malindi iliona meli za Wareno kama fimbo ya kumchapia jirani. Fimbo ilifanya kazi. Mombasa ilichomwa mwaka 1505, ikashambuliwa tena 1528, na 1589 ikaanguka kabisa.

Baada ya hapo? Wareno walihamia Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Sultani wa Malindi akahamishiwa huko, akapewa kiti cha Mombasa aliyoitamani. Biashara ikamfuata, na Malindi ikafifia hadi ikawa magofu. Mrithi wake, Hasan bin Ahmad, aligombana na nahodha wa ngome, akakimbilia Rabai, na mwaka 1614 akauawa kwa njama za Wareno wale wale. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alilelewa Goa, akabatizwa, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akageuka na kuwaua Wareno waliokuwemo ngomeni. Ule ukoo ulioita mgeni ulimalizwa na mgeni.

Upande wa pili usemwe

Mpaka hapa ningeweza kufunga na kusema basi, kila mtu abaki kwake. Lakini hilo nalo lina maiti zake.

Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya Rwanda yakiwa na wiki mbili, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza kikosi chake huko kibaki na watu 270 hivi. Ndani ya siku mia moja waliuawa watu wapatao 800,000. Hakuna hoja ya mambo ya ndani inayoweza kusimama mbele ya hesabu hiyo. Mtu anayeniambia jirani asivuke ua wakati mtoto anachinjwa, simwelewi.

Na wapo waliovuka ua. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania haikuishia kuwarudisha mpakani. Iliendelea, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kumwondoa Amin kulikuwa kheri, na Waganda wengi walicheza barabarani. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Ndani ya miaka miwili Uganda ilibadilisha watawala mara kadhaa, Tanzania ikiwa na mkono wake katika nani akae wapi, Obote akarudi kwa uchaguzi uliolalamikiwa, na 1981 vita vipya vikaanza msituni Luwero. Kuondoa muuaji kulichukua miezi. Kuchagua atakayemfuata kuliharibu miaka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo, na hautajwi sana. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Nyerere, kwa aibu aliyokiri hadharani, aliwaomba Waingereza aliokuwa amepata uhuru kutoka kwao miaka miwili tu nyuma. Tarehe 25 Januari makomando wakashuka, maasi yakazimwa haraka. Kisha Nyerere akafanya jambo la akili. Februari aliitisha mkutano wa dharura wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika hapo hapo Dar, akaomba majeshi ya Kiafrika yachukue nafasi, na Wanigeria wakaja. Waingereza wakaenda zao. Aliyeita alijulikana, kazi ilikuwa moja, na mlango wa kutokea ulitafutwa wakati mgeni bado anafungua mizigo.

Ukiiweka hiyo kando ya Takaungu unaona tofauti. Takaungu mgeni hakuja kuzuia damu. Kulikuwa na kikao cha kuitishwa, yeye akaleta manowari. Hakutenganisha wagombanao, alichagua mmoja wao. Na hakuondoka.

Sasa sisi ndio wageni

Hili lingekuwa somo la darasani kama Kenya ingebaki kuwa nchi inayoingiliwa. Haijabaki. Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliidhinisha ujumbe wa kwenda kupambana na magenge ya Haiti, Kenya ikiuongoza kwa kuahidi askari 1,000. Januari 2024 Mahakama Kuu Nairobi ilisema Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje, na kwamba polisi wanaweza kwenda tu katika nchi yenye makubaliano nasi. Serikali ikatafuta makubaliano. Machi 1, waziri mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuwa Nairobi wakati yakitiwa saini.

Henry hakuwa amechaguliwa na mtu. Alishika nafasi hiyo baada ya Rais Moïse kuuawa Julai 2021. Na baada ya kutoka Nairobi hakuweza kurudi kwake, kwa sababu magenge yalishambulia uwanja wa ndege. Siku chache baadaye akatangaza kujiuzulu. Kwa hiyo aliyetuita hakuwa na nyumba ya kutukaribisha.

Askari wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Hiyo tarehe hauhitaji nikukumbushe. Ndiyo siku vijana wa rika letu walipofika Bungeni Nairobi na wengine wao wakapigwa risasi. Asubuhi moja, polisi wa nchi moja, wengine wakishuka ndegeni kwenda kulinda raia wa watu.

Kijana mmoja wa hapa kwetu, niliyecheza naye mpira, ni askari. Mwaka ule alitamani sana achaguliwe kwenda. Alipiga hesabu ya marupurupu mbele yangu kwa kidole, juu ya meza ya mama muuza mahamri: bati la nyumba, mahari, pikipiki. Nilimuuliza, unajua mnaenda kumlinda nani? Akacheka, akasema, "Bana, hayo ni ya wakubwa." Februari 2025 askari wetu wa kwanza aliuawa Haiti. Hakuwa yeye, yeye hakuchaguliwa. Lakini angeweza kuwa yeye, na jibu lake lingekuwa ndilo jibu la mwisho.

Ndiyo maana siamini kwamba ni ya wakubwa. Watu wa Haiti walioteswa na magenge hawakuwa hadithi. Walihitaji msaada, na huenda bado wanauhitaji. Ila mimi, nikiwa mtu wa ukanda huu ulioamuliwa na kampuni iliyofilisika, nina maswali matatu ambayo ningetaka yajibiwe kabla mtu yeyote hajapanda ndege. Nani ametuita, na ana watu nyuma yake au ana kiti tu? Tunaenda kusimama kati ya wanaouana na wanaouawa, au tunaenda kumkalisha mtu? Na ni tarehe gani, au tukio gani, litakalotufanya tufungashe turudi?

Msaada unaopita maswali hayo upo, na sisi wenyewe tumewahi kuupata. Mwanzoni mwa 2008, watu zaidi ya elfu moja wakiwa wamekufa baada ya uchaguzi, walikuja Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa. Mataifa makubwa yalikuwa nyuma yao, na wanasiasa wetu walitishiwa hata kunyimwa viza. Kwa hiyo hawakuja mikono mitupu. Lakini hawakuleta manowari na hawakutuchagulia rais. Waliwakalisha Kibaki na Raila mpaka tarehe 28 Februari wakatia saini. Makubaliano yale yalikuwa na mapengo mengi, na waliopoteza watu wao bado wanadai haki. Ila mauaji yalipungua, na wageni wakarudi makwao.

Wamazrui wa Takaungu hawakupata mtu wa namna hiyo mwaka 1895, na hapakuwa na mtu London wa kuiuliza Kampuni maswali yale matatu kwa niaba yao. Sisi tuna Bunge. Katiba yetu, kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe majeshi yakitumwa nje ya nchi, na mahakama imeshasema hata polisi wana utaratibu wao. Safari ijayo serikali ikitangaza kwamba vijana wetu wanakwenda kutuliza nyumba ya watu, mbunge wako atakuwa kwenye orodha ya watakaoulizwa. Mpigie simu kabla hajapiga kura. Muulize nani aliyetuita.